Bata wa nyumbani: alikotoka, na namna ya kuokoa mbegu yake

Yule bata mkubwa mwenye nyama nyekundu usoni, asiyepiga kelele, wengi tunamwita bata wa kienyeji. Kwa Kifaransa ni canard de Barbarie, jina la pwani ya Afrika ya Kaskazini. Lakini asili yake si huko wala si hapa. Waliomfuga kwanza ni wenyeji wa Amerika, kabla Christophe Colomb hajafika kule mwaka 1492. Baadaye meli za Wazungu zilimvusha bahari, kama zilivyovusha mihogo na mahindi tunayosongea bugali leo.

Bata wadogo wenye kelele ni ukoo mwingine, wenye asili ya bata wa porini wa Asia na Ulaya. Mayai yao huanguliwa kwa siku 28. Ya Barbarie huchukua siku 35. Koo hizi mbili zikipandana, watoto wao hawazai, kama nyumbu. Kwa hiyo ukoo mmoja ukiisha, ule mwingine hauwezi kuurudisha.

Kwa vizazi vingi bata huyu mgeni amekuwa wetu. Hula majani, wadudu na mabaki ya jikoni, na jike huatamia mwenyewe bila mashine. Ugonjwa wa Newcastle, unaomaliza kuku kijiji kizima, yeye humdhuru mara chache.

Mwaka 2007 shirika la FAO lilitangaza kwamba karibu asilimia 20 ya aina za mifugo duniani zilikuwa hatarini kutoweka. Mwaka huohuo, mjini Interlaken nchini Uswisi, mataifa yalikubaliana mpango wa kuzilinda.

Huku Kivu, hatari kubwa ni vita. Tangu miaka ya 1990 mifugo imeporwa mara nyingi, na mtu anayekimbia hubeba watoto na godoro, si bata. Akirudi, hununua wawili wa kiota kimoja. Hao ni ndugu. Wakipandana, na watoto wao vilevile, mayai yanayoanguliwa hupungua na vifaranga huwa dhaifu.

Ndugu zetu mnaoanza upya, tafuteni dume kutoka kijiji kimoja na majike kutoka kingine. Badilishaneni madume na majirani. Na ukipata vifaranga wengi, mpe jamaa wa mbali jozi moja akufugie. Siku kwako kukiporwa, mbegu itakuwa bado ipo kwake.