Wagonjwa Waliohesabiwa Pamoja

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, daktari wa masikio, pua na koo alidhani anamjua mgonjwa wa saratani ya koo hata kabla ya kumkagua. Alikuwa mwanamume wa makamo au mzee, mvutaji sigara wa miaka mingi, mara nyingi mnywaji wa pombe kali, na matumaini yake ya kupona yalikuwa madogo. Takwimu zilimweka safu moja na wenzake wote. Kwa hiyo ilichukua muda mrefu kufahamu kwa nini baadhi yao, hata wale ambao ugonjwa ulikwisha kufika kwenye matezi ya shingo, walitibiwa wakapona, na wengine wakafariki.

Jibu lilianzia kwenye ugonjwa mwingine kabisa. Katika miaka ya 1970 watafiti wengi waliamini kwamba saratani ya mlango wa kizazi inaletwa na kirusi cha herpesi. Mjerumani Harald zur Hausen alikitafuta kirusi hicho ndani ya uvimbe, akakikosa, akageukia virusi vya papiloma (HPV), jamii ya vile vinavyoleta chunjua. Mwaka 1983 kundi lake likatangaza HPV aina ya 16, na mwaka uliofuata aina ya 18. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2008, na ndiyo msingi wa chanjo wanayopewa wasichana wetu: Rwanda tangu 2011, Tanzania tangu 2018, Kenya tangu 2019.

Mwaka huohuo wa 1983, Kari Syrjänen na wenzake nchini Finland walidokeza kwamba virusi hivyo huenda vinahusika hata na saratani za kinywa. Ushahidi mzito ulikuja mwaka 2000, kutoka kwa Maura Gillison na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Walichunguza uvimbe wa wagonjwa 253 wa saratani za kichwa na shingo, wakakuta HPV katika robo yao, hasa kwenye tonsesi na shina la ulimi, na karibu wote walikuwa na aina ya 16. Kisha wakafuatilia nani aliishi. Hatari ya kufa kwa saratani hiyo, kwa wenye kirusi, ilikuwa pungufu kwa zaidi ya nusu.

Inashangaza kwamba chanzo cha ugonjwa kiwe pia dalili njema, lakini maelezo yake yanaeleweka. Kirusi huharibu seli kwa protini mbili. E7 huizima Rb, ambayo huzuia seli isigawanyike ovyo. E6 husababisha p53, protini inayoiamuru seli iliyoharibika ife, ivunjwe kila inapotengenezwa. Hata hivyo, jeni la p53 lenyewe kwa kawaida hubaki zima, ilhali kwa wavutaji mara nyingi limeshaharibiwa na moshi. Watafiti wengi wanaona kwamba mionzi inapozipiga seli zenye kirusi, uwezo huo wa kufa bado upo. Na Rb ikizimwa, seli hujaa protini nyingine, p16. Kipande chembamba cha uvimbe kikitiwa rangi maalumu, p16 huonekana kahawia chini ya darubini.

Kipimo hicho pamoja na kile cha kirusi chenyewe ndivyo alivyotumia Kie-Kian Ang wa Houston na wenzake. Walikuwa na jaribio la Marekani lililolinganisha namna mbili za kugawa dozi za mionzi, na namna hizo hazikutofautiana sana. Bahati nzuri, vipande vya uvimbe vilikuwa vimehifadhiwa kwenye nta. Waliovitunza wanastahili sifa zaidi kuliko wanayopewa. Vya wagonjwa 323 vilipopimwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuwa wazi: baada ya miaka 3, wenye HPV waliokuwa hai walikuwa 82 kati ya kila 100, wasio nayo, 57. Sigara haikusamehe, hata hivyo. Mwenye kirusi aliyevuta zaidi ya kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 10, na matezi yake yameathirika sana, aliwekwa kwenye kundi la hatari ya kati.

Hapo likazuka swali la huruma. Wengi wa wagonjwa wenye HPV ni vijana kuliko wale wa zamani, nao wataishi miaka mingi na athari za tiba: mate yaliyokauka, chakula kisichomezeka bila maji, masikio na figo zilizoumizwa na sisplatini, dawa inayotolewa pamoja na mionzi. Je, hawawezi kutibiwa kwa upole zaidi? Majaribio mawili makubwa, moja la Amerika Kaskazini na jingine lililoongozwa na Uingereza, yaliweka dawa nyingine, setuksimabu, mahali pa sisplatini. Yalichapishwa pamoja mwishoni mwa 2018. Katika lile la Uingereza, baada ya miaka 2 walikuwa hai asilimia 97.5 ya waliopewa sisplatini, na 89.4 ya waliopewa setuksimabu. Wala madhara makali kwa jumla hayakupungua. Sisplatini pamoja na mionzi ikabaki tiba ya kawaida kwa wanaoweza kuihimili.