Munganga wa ndeke: maisha ya Anne Spoerry (1918-1999)

Katika inchi yetu ya Butembo na Beni ndeke si kitu kigeni. Hata mutoto anatambua sauti yake inaposhuka Mavivi ao Rughenda. Wakati wa Ebola, tangu mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, ndeke zilituletea wanganga na chanjo. Watu 2.287 walikufa katika ugonjwa ule. Na wengi walikuwa wakiuliza: ni nani huyu anayeshuka toka juu na sanduku la dawa, na kwa nini tumuamini? Tarehe 19 ya mwezi wa ine 2019, munganga Richard Mouzoko, mutu wa Kameruni, aliuawa Butembo katika kazi ile. Kwa hiyo swali la kumuamini munganga si muchezo kwetu. Tuliangalie katika maisha ya mwanamuke mumoja aliyefanya kazi Kenya, aliyependa ndeke kwa moyo wote.

Anne Spoerry alizaliwa Cannes, Ufaransa, mwaka 1918. Alisoma unganga Paris. Wadachi walipotawala Ufaransa, aliingia katika kundi la watu waliowapinga kwa siri. Alikamatwa mwaka 1943, na mwaka 1944 alipelekwa Ravensbrück, kambi ya mateso ya wanawake. Nyuma ya vita alipita Aden, na karibu na mwaka 1950 alifika Kenya, akawa munganga wa watu wa mashamba upande wa Ol Kalou.

Pale aliona shida ambayo sisi pia tunaijua: mugonjwa yuko, dawa iko, lakini njia hapana. Mwaka 1957 wanganga watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha shirika la wanganga wa ndeke, lililokuja kuitwa AMREF. Anne alijifunza kurusha ndeke alipokuwa na miaka 45, umri ambao wengi wanaogopa kujifunza hata baiskeli. Mwaka 1964 alianza kazi na shirika lile.

Ndeke yake ndogo aliiita Zulu Tango, kufuatana na herufi za mwisho za namba yake. Alikuwa rubani na munganga pamoja. Kazi ile haitaki uvivu. Mbele ya kuruka, rubani anapima mafuta, anahakikisha hakuna maji katika esansi, anaangalia mbingu. Mbele ya kushuka, anapita chini juu ya uwanja ili mbuzi na ngombe wakimbie. Hivi alizunguka jangwa la kaskazini, kando ya ziwa Turkana, na pwani ya Lamu, akichanja watoto na kutunza wagonjwa. Watu walimuita Mama Daktari. Hawakumuamini juu ya masini yake. Walimuamini kwa sababu alirudi, na akarudi tena, karibu miaka 35. Alikufa Nairobi tarehe 2 ya mwezi wa pili 1999.

Kama tungeishia hapa, ingekuwa hadisi nzuri ya kusoma mezani katika seminari. Lakini historia ni deni kwa ukweli. Kule Ravensbrück, katika nyumba namba 10 ya wagonjwa, Anne alifuata amri za mufungwa mukubwa, Carmen Mory. Mory alihukumiwa kufa Hamburg mwaka 1947, akajiua. Wafungwa wenzake walimushtaki Anne pia: walisema kwamba alipiga wagonjwa na kuwachoma sindano za kuua. Mwaka 1946, baraza la heshima Paris lilimuona na kosa. Wengine tena walimushuhudia mema aliyofanya nyuma ya kutoka katika nyumba ile. Yeye mwenyewe alinyamaza. Alipoandika kitabu cha maisha yake, hakueleza jambo lile. Mwaka 2018 ndipo John Heminway, mwandishi aliyemujua, alipotoa kitabu kinacholifunua mbele ya watu wote.

Tuseme nini? Wengine watasema: unafiki tu. Sisi hatukubali. Mutoto aliyechanjwa Turkana alichanjwa kweli, na mama aliyepona alipona kweli. Wengine watasema: miaka 35 ya kazi imelipa yote. Hata hili hatuwezi kulikubali. Louise Le Porz, munganga na mufungwa mwenzake, mumoja wa waliomushtaki, aliishi mpaka uzee mukubwa, na Heminway alimukuta angali hai. Yeye hakudai chanjo za Turkana. Deni kwake lilikuwa neno moja la ukweli, na kulipa mutu mwingine hakukulifuta.

Mapadri na wakatekista, katika vijiji vyetu, ambavyo vita vimepita mara nyingi, mutamukuta mutu mwenye kufanya kazi nyingi nzuri, na moyo wake haupumziki. Musizarau kazi yake, wala musimuulize kwa haraka sababu yake. Lakini anapofungua kinywa, mumuulize kwa upole: uliyemukosea ni nani, na angali hai? Kama angali hai, mumusaidie kupata njia ya kwenda kwake, hata kwa miguu.