Tarehe ya Eldoret Katika Stempu na Mihuri ya Posta

Stempu za kumbukumbu, yaani zile zinazotolewa kwa muda ili kuadhimisha tukio, mtu au jengo, hutofautiana na stempu za kawaida ambazo huchapishwa tena na tena kwa matumizi ya kila siku. Aina zote mbili zaweza kusimulia historia ya mji. Eldoret, iliyo kwenye uwanda wa Uasin Gishu nchini Kenya, takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ina uhusiano wa asili kabisa na posta, kwa kuwa posta ilitangulia na mji ukafuata. Kwa sababu hiyo tarehe yake yaweza kupangwa kwa kufuata stempu zilizobandikwa kwenye barua zake, maana stempu hutaja mamlaka iliyotawala, na muhuri uliogongwa juu yake hutaja mahali na siku.

Kabla ya posta, uwanda huo ulikuwa malisho ya Wamaasai wa Uasin Gishu, na baada ya vita vya karne ya 19 vilivyowasambaratisha Wamaasai hao, Wanandi wakawa wanalisha mifugo yao humo. Wanandi waliupinga utawala wa Waingereza kuanzia mwaka 1895, na upinzani huo ulivunjwa baada ya Koitalel arap Samoei, orkoiyot wao, yaani kiongozi wa kidini mwenye utabiri, kuuawa tarehe 19 Oktoba 1905. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilikuwa imependekeza kuwapa Wayahudi ardhi hiyo bila kuwauliza wenyewe waliokuwa wakiitumia, na pendekezo hilo lilikataliwa na mkutano mkuu wa Wazayoni mwaka 1905. Mwaka 1908 wakaja Makaburu, walowezi wa Afrika Kusini wenye asili ya Uholanzi, zaidi ya watu 200 chini ya Jansen van Rensburg, ambao walishuka Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakakwea uwanda kwa magari ya kukokotwa na maksai.

Serikali iligawa ardhi hiyo katika mashamba yaliyopewa namba, na shamba namba 64, ambalo udongo wake wenye mawe haukufaa sana kwa kilimo, ndilo lililochaguliwa kuwa makao ya utawala. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa hapo, na kwa muda mji ukajulikana kwa namba tu. Wakalenjin, jamii ambayo Wanandi ni sehemu yake, wakaitamka namba hiyo ya Kiingereza kwa lafudhi yao, ikawa Sisibo, nalo jina hilo halijasahaulika. Jina rasmi la Eldoret, lililotokana na neno la Kimaasai linalohusu mawe ya mto Sosiani na kupewa umbo la Kinandi, lilitolewa mwaka 1912, mwaka ambao Standard Bank of South Africa nayo ilifungua tawi mjini. Kwa kuwa reli ilikuwa bado haijafika, mizigo iliteremshwa katika stesheni ya Londiani na kusafirishwa kwa magari ya maksai kwenye njia ambayo masika iliigeuza kuwa tope, hata ikawa kasi ya mawasiliano yote ya mji inategemea hali ya mvua.

Stempu zilizotumika wakati huo zilikuwa na maandishi ya Himaya za Afrika Mashariki na Uganda pamoja na picha ya Mfalme Edward VII, na baadaye ya George V, huku thamani yake ikihesabiwa kwa rupia ya senti 100, kwa maana anna, sehemu ya 16 ya rupia, ilikuwa imeondolewa mwaka 1907. Himaya ya Afrika Mashariki ilipofanywa koloni la Kenya mwaka 1920, na shilingi ilipochukua nafasi ya florini, iliyokuwa imeirithi rupia, stempu mpya zikatolewa mwaka 1922 kwa jina la Kenya na Uganda. Hivyo, ndani ya miaka 12 tangu posta kufunguliwa, jina la mamlaka na aina ya fedha vyote vilikuwa vimebadilika kwenye bahasha.

Mwaka 1924 reli iliyochepuka kutoka Nakuru ilifika Eldoret, ikaendelea hadi Uganda, na kufikia Kampala mwaka 1931 baada ya kuvuka mto Nile kwa daraja la Jinja. Huduma za posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa mwaka 1933, na stempu za kawaida zilizofuata mwaka 1935, zenye majina ya nchi zote tatu, zilionyesha korongo wenye taji, jahazi la Ziwa Victoria, simba, Kilimanjaro, mlima Kenya, ziwa Naivasha na daraja hilo la Jinja, ambalo treni zilizopitia Eldoret zililivuka kwenda Kampala.

Kenya ilitoa stempu zake za kwanza tarehe 12 Desemba 1963, siku ya Uhuru, na picha zake, zikiwamo ufugaji wa ng'ombe, mbao, pareto, kahawa na bandari ya Mombasa, zilihusu kazi na uchumi wa wananchi, ilhali stempu za kikoloni zilikuwa na picha ya mtawala wa Uingereza. Hata hivyo, stempu za kumbukumbu ziliendelea kubeba majina ya nchi tatu chini ya shirika la pamoja la posta na simu mpaka katikati ya miaka ya 1970, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikaunda shirika lake, lililogawanywa mwaka 1999 na kuiacha posta peke yake.

Nchini Kenya barua hazipelekwi nyumbani kwa kawaida, bali huchukuliwa katika masanduku ya kukodi kwenye posta, na ndiyo maana anwani ya Eldoret ni namba ya sanduku ikifuatiwa na 30100. Kutumiana fedha kwa posta kulipungua sana baada ya M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu ya mkononi, kuanza mwaka 2007, nayo simu ikachukua nafasi ya barua za kifamilia. Mji wenyewe nao ulipanda daraja: tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilitangazwa kuwa jiji, la tano nchini Kenya.

Bahasha zilizobaki zimekuwa ushahidi wa aina yake, kwa sababu mwanahistoria anayezipanga kwa miaka huona mamlaka zikipokezana juu ya barua za mji uleule, kutoka himaya hadi koloni, kutoka nchi tatu zilizounganishwa hadi taifa huru. Ushahidi huo una mipaka yake: unawahusu zaidi waliojua kusoma na kuandika na walioweza kulipia stempu, huku Wanandi na Wamaasai walionyang'anywa malisho wakionekana kwa nadra. Kwa hiyo tarehe ya mji huu haikamiliki bila simulizi za wazee wa uwanda kuwekwa sambamba na stempu na mihuri.