Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, Butiama

Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere ni taasisi ya umma iliyopo kijijini Butiama, mkoani Mara, kaskazini mwa Tanzania. Yalianzishwa mwaka 1999 na husimamiwa na Makumbusho ya Taifa la Tanzania.

Maonyesho yake yanaeleza maisha ya Julius Kambarage Nyerere (1922–1999), rais wa kwanza wa nchi, aliyezaliwa Butiama akiwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Humo zimehifadhiwa picha, mali zake binafsi na zawadi alizopewa akiwa kiongozi. Sehemu nyingine inahusu historia na utamaduni wa mkoa wa Mara, ambao wenyeji wake ni pamoja na Wazanaki, Waikizu, Wajita, Wakwaya, Wakurya na Wajaluo.

Makumbusho yapo jirani na Mwitongo, boma la ukoo lenye kaburi la Mwalimu. Kwa hiyo simulizi ya taifa na kumbukumbu ya familia hukutana mahali pamoja, na uhai wa eneo unategemea maelewano kati ya taasisi, ukoo na wanakijiji.

Kanda ya Ziwa ina mfano wa zamani zaidi wa ushirikiano huo: Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa na Padri David Clement pamoja na wazee wa Kisukuma.

Wageni hufika Butiama kwa barabara kutoka Musoma, makao makuu ya mkoa, au kupitia Bunda.