Mpira wa kriketi, mkono ulionyooka na swali lililonishinda

Najua nilipotea, mnisamehe. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, si mnajua tena mambo ya field. Nimerudi Mabibo salama, ila nimerudi na deni.

Deni lenyewe ni hili. Shule niliyopangiwa ilikuwa na mpira mmoja tu wa miguu, nao umepasuka. Kupekua stoo nikakuta boksi la kriketi: magongo mawili ya plastiki, vijiti vitatu na mpira mmoja mwekundu wa ngozi, umekauka na kuchanika kama kisigino kisichojua mafuta. Mimi kriketi naijua kwa kupita Upanga tu na kuona watu wamevaa nyeupe. Nikajifanya fundi, nikawatoa Kidato cha Pili uwanjani. Binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huu si mchezo wa Wahindi?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikamjibu kwamba mchezo ni wa wote, nikaendelea.

Jamani, mtu anayesoma historia akijibu hivyo, amekimbia swali. Wiki hii yote nimekaa nalo.

Tuanze na mji wetu. Enzi za Mwingereza Dar iligawanywa mapande matatu: Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918. Kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja. Leo tunapita pale tukiwahi daladala, lakini ule ulikuwa mpaka. Michezo nayo ikafuata ramani. Wazungu na klabu zao, jumuiya za Kihindi na klabu zao, na ng'ambo ya Mnazi Mmoja soka likaota mizizi: Yanga 1935, Simba 1936. Kwa hiyo yule binti hakukosea. Aliiona ramani ya mkoloni bila kufundishwa.

Ila kriketi yenyewe ina historia ya mipaka kuvunjwa, na mpaka wa kwanza ulikuwa mkono wa mrushaji. Zamani huko Uingereza mpira ulirushwa mkono ukitokea chini. Mwaka 1822 John Willes aliinua mkono pembeni katika uwanja wa Lord's, mwamuzi akamkatalia, jamaa akapanda farasi wake akaondoka. Miaka 13 baadaye, 1835, sheria ikaruhusu mkono kufika usawa wa bega. Mwaka 1862 Edgar Willsher akapitisha mkono juu ya bega, akakataliwa mara sita mfululizo, na wenzake wakatoka uwanjani. Mwaka 1864 sheria ikabadilika tena. Yaani staili tunayoiita ya kawaida leo ililetwa na watu walioambiwa "hapana".

Na ile ya chini ikawa aibu. Tarehe 1 Februari 1981 kule Melbourne, New Zealand walihitaji pointi sita kwa mpira wa mwisho ili watoke sare na Australia. Nahodha Greg Chappell akamwambia mdogo wake Trevor auviringishe chini, kama unavyoona kwenye filamu wakiangusha zile chupa za mbao. Haukupigika. Sheria ilikuwa inaruhusu, lakini dunia ililaani, na baadaye mtindo huo ukapigwa marufuku.

Sasa mpira. Ndani una kizibo kilichozungushiwa uzi, nje ngozi, na mshono umetokeza katikati. Uzito ni kati ya gramu 156 na 163. Wachezaji husugua upande mmoja kwenye suruali ung'ae na kuuacha mwingine uchakae. Upande laini na upande mkwaruzo hewa haiupiti sawasawa, ndiyo maana mpira unapinda angani. Wapakistani kina Sarfraz Nawaz na Imran Khan walionyesha kwamba mpira uliochakaa, ukirushwa kwa kasi, unapinda kinyume na ulivyozoeleka. Mate yalikuwa ruksa hadi 2020 ilipokuja korona, na tangu 2022 yamekatazwa moja kwa moja. Jasho sawa. Kukwangua ni dhambi: mwaka 2018 Cape Town Waaustralia walikamatwa na msasa, na nahodha Steve Smith akafungiwa mwaka mzima. Kwa sisi wa stoo za shule: ukilowa, ufute na uuache ukauke kivulini. Usiuanike juani, ngozi itapasuka. Ule wetu uliuawa hivyo hivyo.

Na kurusha, kwa wanaoanza kama mimi:

1. Shika kwa ncha za vidole. Cha shahada na cha kati vikae pande mbili za mshono, dole gumba chini. Usiufumbate kiganjani.
2. Kimbia hatua chache tu, zilezile kila mara. Zihesabu.
3. Ukifika, geuka ubavu. Mkono usiorusha uelekeze juu, utazame vijiti ukipitia hapo.
4. Mkono unaorusha uzunguke karibu na sikio, kiwiko kisikunjuke kama unatupa jiwe. Tangu 2005 kunyooka kwa kiwiko kunavumiliwa hadi nyuzi 15 tu.
5. Mpira udunde mbele ya mpigaji, kisha wewe maliza mbio zako ukitoka pembeni.

Jumamosi nikaenda Kariakoo kutafuta mpira wa ngozi. Mtaa wa Congo wote mipira ya miguu. Muuzaji mmoja akanicheka, "Kaka, huo wa Wahindi, vuka Upanga." Swali lilelile! Nikanunua mipira minne ya tenisi na tepu nyeusi ya mafundi umeme. Mitaani Karachi wanaizungushia hivyo hivyo, na kuna mabingwa wa dunia walianzia hapo.

Nikasimama kuliangalia lile jengo la soko alilolisanifu Beda Amuli. Lilifunguliwa 1975. Mwaka huohuo timu ya Afrika Mashariki, yaani Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilicheza Kombe la Dunia la kwanza la wanaume la kriketi, Uingereza. Ilifungwa mechi zote tatu. Wengi walikuwa wenye asili ya Asia, ila alikuwemo mrushaji wa Uganda, John Nagenda, ambaye pia alikuwa mwandishi. Na mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 wakafuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la umri wao, la 2026 kule Zimbabwe na Namibia.

Basi jibu langu kwa yule binti ni hili: ndiyo, ulifanywa wa Wahindi hapa kwetu, kama Kariakoo ilivyofanywa ya Waafrika, na waliochora ramani wamekwishaondoka. Kosa langu ni kumpa jibu la nusu.

Ijumaa napeleka mipira minne pale shuleni. Mwenye wa ngozi uliochakaa asiutupe, anitafute hosteli. Tuko pamoja!