Mbweni, Shamba la Daktari

Anayetua Unguja kwa ndege hupita karibu na Mbweni bila kujua. Ni kitongoji cha pwani, kusini mwa Mji Mkongwe. Wageni wengi huenda kutazama magofu ya shule ya Mtakatifu Maria, ambako wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliwalea wasichana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Jirani na shule hiyo palikuwa na shamba la Dokta John Kirk.

Vitabu humtaja kama balozi wa Uingereza aliyembana Sultani Sayyid Barghash mpaka akakubali mkataba wa 5 Juni 1873, soko la watumwa likafungwa. Ni kweli, ila Kirk hakuletwa Unguja na siasa. Alifika mwaka 1866 kama daktari wa ubalozi, Mskoti aliyesomea Edinburgh. Kabla ya hapo, kwenye msafara wa mvumbuzi David Livingstone mtoni Zambezi, alikuwa tabibu na mtaalamu wa mimea kwa pamoja. Mwaka 1860 mtumbwi wake ulipata ajali kwenye maporomoko ya Kebrabasa. Yeye akapona, madaftari na michoro yake ikachukuliwa na maji. Mwingine angeapa kutookota jani tena.

Mbweni alipata mahali pa kupanda. Alikuwa akiandikiana na bustani ya Kew, London, akipeleka mimea ya huku na kuijaribu ya kigeni kwenye udongo wa Unguja. Na haikuwa anasa tu: kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu na minazi mingi mno kisiwani, na watu walilazimika kujiuliza wapande nini.

Kazi yake ninayoipenda zaidi ni ile ya sandarusi, utomvu mgumu wa mti. Watu wa Mrima, pwani ya bara inayoelekea Unguja, walikuwa wakiichimba ardhini, mara nyingi mahali pasipobaki hata mti mmoja, ikaletwa Unguja kusafishwa, kisha ikapakiwa kwenda Marekani na Ulaya kutengenezea vanishi. Wasomi wa Ulaya walibishana imetoka kwenye mti gani. Kirk alivishika vipande vyenyewe, akatazama majani na maua yaliyonasa ndani yake, akayalinganisha na ya msandarusi uliokuwa ungali hai pwani. Yakalingana. Kilichochimbwa kilikuwa utomvu wa miti ya aina ileile, iliyokufa zamani na kuoza. Sidhani kama wachimbaji walishangaa. Wao, ile ya ardhini na ile ya mtini, zote waliziita sandarusi.

Tusimfanye walii wa misitu. Mapenzi yake kwa miti yalikuwa na hesabu ya biashara ndani yake. Mtambaazi wa mpira unaoitwa kitaalamu Landolphia kirkii ulimvutia kwa sababu utomvu wake uliuzika, na faida kubwa haikubaki kwa waliougema. Lakini alikuwa na macho, na alijua kusubiri mche.

Kirk alirudi Uingereza katika miaka ya 1880 na kufariki huko mwaka 1922. Jina lake limebaki hata katika jina la kitaalamu la kima punju wa msitu wa Jozani. Ukienda Mbweni, basi, usiishie kwenye kuta za shule kupiga picha. Tazama na miti, uulize majina yake kwa wazee wa pale kabla hawajaondoka nayo.