Msikiti wa Kizimkazi

Mtu asimamaye nje ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa cha Unguja, haoni jambo la kumstaajabisha. Kuta zake hazina pambo, na paa lake ni la mabati. Tulipofika pale pamoja na wanafunzi wetu, mmoja alinong'ona, "Ndio huu tuliousafiria?" Tulimnyamazisha, walakini hata sisi tulikuwa na mashaka kidogo.

Mzee mwangalizi alitukaribisha, ijapokuwa sisi si Waislamu. Tukavua viatu, tukaingia; ndipo tulipouona ukuta wa kibla. Penye mihrabu mmechongwa hati ya Kikufi, na ncha za herufi zake zimechipua majani na maua, hata jicho halitambui upesi herufi yaishia wapi na pambo laanzia wapi. Mwanachuoni S. Flury alichapisha maelezo ya maandishi hayo mwaka 1922. Yasema ya kuwa Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad aliamuru msikiti ujengwe, katika mwezi wa Dhulkaada, ambao sisi twauita Mfungo Pili, mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Ni machache mno katika pwani yetu maandishi yenye tarehe ya kale kama hiyo.

Mwanafunzi mwingine aliuliza marumaru ile ilitoka nchi gani. Si marumaru kamwe, ni tumbawe. Likitoka baharini karibuni huwa laini, fundi akalichonga apendavyo. Likiisha kukauka huwa gumu. Mtindo wa hati wafanana na ule wa Siraf, bandari ya kale ya Uajemi, na kwa hiyo wako waliodhani kazi yote ni ya ng'ambo. Lakini jiwe ni la bahari yetu, nasi twaona vigumu kuamini ya kuwa mkono uliolichonga vile haukulizoea.

Sehemu kubwa ya jengo lenyewe ilijengwa upya katika karne ya kumi na nane. Tarehe nyingine mle ndani ni 1184 ya Hijra, yaani 1770 au mwanzo wa 1771. Mafundi wa siku hizo walijua sana kuchoma matumbawe kuwa chokaa. Mawe haya hawakuyachoma. Waliyaweka tena mahali pa heshima.

Saa ya sala ilipokaribia tuliaga. Yule mnong'onaji alitoka wa mwisho, daftari mkononi, akiwa bado hajamaliza kunakili herufi ya tatu.